Kalamu za wino: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuzitumia na kuzitibu

Maswali mengi kati ya haya hutoka kwa watu walionunua au kupewa kalamu ya wino, wakaifurahia siku mbili, siku ya tatu ikagoma. Kabla hujasoma zaidi: kama kalamu yako ina tatizo lolote na hujaiosha, ioshe kwanza, kisha urudi. Huenda usihitaji kurudi.

Kalamu ya wino inafanyaje kazi?

Ukilielewa hili, nusu ya maswali yaliyobaki utajijibu mwenyewe. Ndani ya kalamu kuna hifadhi ya wino iliyozibwa pande zote isipokuwa mbele. Mbele kuna nibu, ile ncha ya metali iliyopasuliwa katikati kuwa meno mawili, na chini ya nibu kuna kipande cheusi, siku hizi cha plastiki, zamani cha mpira mgumu, kilichochongwa mifereji myembamba. Hapa nitakiita kilishio. Wino haushuki kwa uzito wake tu. Mifereji hiyo huunyonya kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, ukaufikia mwanya wa nibu, na karatasi ikaupokea hapo.

Sasa, kila kiasi cha wino kinachotoka, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Hewa isipoingia, hifadhi huuvuta wino kurudi ndani, na kalamu inakauka mdomo huku tumbo limejaa. Ikiingia kwa fujo, kalamu inatapika. Petrache Poenaru, Mromania aliyekuwa akisoma Paris, alipewa hataza ya kalamu ya aina hii nchini Ufaransa mwaka 1827. Lewis Waterman alipata yake Marekani mwaka 1884, na alichoshughulikia hasa ni mifereji hiyo ya kilishio. Magonjwa ya kalamu hadi leo ni yale yale mawili: kukauka na kutapika.

Niishikeje, na nibonyeze kiasi gani?

Usibonyeze. Peni ya gololi huizoesha mikono kubonyeza kwa sababu gololi haizunguki bila kusukumwa, na wino wake ni mzito. Kalamu ya wino inahitaji kuigusa karatasi tu. Jaribu hivi: ilaze kalamu kwenye kiganja, kati ya kidole gumba na cha shahada, bila kuikaza, kisha ivute kwenye karatasi kwa uzito wake wenyewe. Ikiacha mstari, hiyo ndiyo nguvu unayoihitaji. Isipoacha mstari, kalamu ni mgonjwa, na kubonyeza hakutaiponya.

Uso wa nibu, ule wenye maandishi au nakshi, utazame juu. Iegemeze kalamu kadiri ya nyuzi 45, au penye raha yako karibu na hapo. Wengi wanaolalamika kwamba nibu inakwaruza huwa wameizungusha kalamu kidogo pembeni bila kujua, hivyo jino moja tu la nibu ndilo linaloigusa karatasi.

Kalamu ni mpya, nimetia katriji, haiandiki. Kulikoni?

Mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili. La kwanza, katriji, kile kichupa kidogo cha plastiki kinachouzwa kikiwa na wino ndani, haijatobolewa. Isukume moja kwa moja mpaka usikie "tik". Watu huiogopa wakaiacha nusu njia. La pili, kilishio bado kina mafuta ya kiwandani, na mafuta na maji hayapatani. Toa katriji, pitisha maji yenye tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, suuza mpaka povu liishe, kausha, rudisha.

Kama umeshaosha na bado, iminye katriji kidogo sana mbavuni huku nibu imeelekea chini juu ya kitambaa. Ukiona wino umejaa kwenye mapengo ya kilishio na kufanya matone nyuma ya nibu, acha. Au isimamishe kalamu nibu chini ndani ya kikombe kwa saa moja uende shughuli zako.

Kuosha ni kufanyaje hasa?

Fungua kalamu, toa katriji au konveta (kile kibomba kidogo cha kuvutia wino kutoka kwenye chupa). Shika sehemu ya mbele yenye nibu uiweke chini ya bomba la maji yanayotiririka polepole, maji yaingilie nyuma yatokee kwenye nibu. Maji yawe ya baridi au ya uvuguvugu tu. Ya moto hupinda plastiki na kulegeza gundi.

Mwanzoni yatatoka yenye rangi, halafu yataonekana safi. Hapo ndipo watu wengi huacha, na hapo ndipo wanapokosea. Igusishe nibu kwenye karatasi ya tishu iliyokunjwa, usubiri dakika moja. Utaona doa la bluu linatambaa kutoka mahali ulipodhani hapana kitu tena. Rudia kuosha na kugusisha mpaka tishu ibaki na unyevu usio na rangi. Kalamu yenye wino mwekundu au wa zambarau inaweza kukuchosha nusu saa.

Kifaa kinachorahisisha kazi ni bomba la mpira la kufinya. Likate mdomo kidogo ulingane na mlango wa nyuma ya nibu, lijaze maji, finya. Mifinyo kumi hufanya kazi ya robo saa ya bomba la jikoni.

Wino ukiwa umegandia ndani, loweka nibu na kilishio usiku kucha kwenye maji ya kawaida. Ukikataa bado, changanya sehemu moja ya amonia ya nyumbani na sehemu kumi za maji, weka tone la sabuni, pitisha mara kadhaa, kisha suuza sana. Amonia usiiache humo kutwa kama kalamu ina sehemu za alumini au shaba, na kamwe usiichanganye na dawa ya kung'arisha nguo (bleach): mvuke wake ni sumu. Spirti na asetoni usizisogeze karibu. Kuna plastiki zinazopasuka au kuyeyuka kwa vitu hivyo, na zikishaharibika hazirudi.

Niioshe kila baada ya muda gani?

Kila ukibadilisha rangi ya wino, na kila mwezi mmoja au miwili ukitumia wino ule ule. Ukijua hutaigusa kwa wiki kadhaa, imwage, ioshe, uiweke ikiwa kavu. Wino huacha maji yake hewani polepole hata chini ya kifuniko, na unaobaki huwa mzito kama asali.

Inaandika vizuri, halafu inaruka herufi. Au kila nikianza neno, mchoro wa kwanza wa herufi hautoki.

Hayo yanafanana lakini si ugonjwa mmoja, kwa hiyo chunguza kabla ya kutibu.

Ikiwa haianzi baada ya kukaa usiku, lakini ikishaanza haisumbui, tazama kifuniko. Kipulize kutoka mdomoni mwake huku umekishika vizuri. Ukisikia hewa ikitoka upande wa pili, hicho ndicho kinachokausha nibu. Vingine vimetobolewa kwa makusudi kwa ajili ya usalama, asije mtoto akakimeza akazibwa pumzi, na kwa kawaida hivyo huwa na kikombe cha ndani kinachoifunika nibu. Kikombe hicho kikipasuka, tundu linakuwa adui.

Ikiwa inaruka sehemu ile ile ya ukurasa, hasa chini, basi si kalamu. Ni mafuta ya kiganja chako yaliyobaki kwenye karatasi. Weka kipande cha karatasi chini ya mkono unapoandika, uone.

Ikiwa inaandika mistari mitatu vizuri, inafifia, ukiipumzisha inarudi, wino hauteremki. Fungua uangalie konveta: mara nyingi wino umening'inia nyuma, hewa imekaa mbele. Ndani ya kibomba chembamba wino hung'ang'ania kuta. Kigonge kwa ukucha uteremke. Baadhi ya watengenezaji huweka ndani ya konveta kigololi kidogo au chemchemi ya kuukorogea wino, kwa sababu hiyo hiyo.

Ikiwa haianzi popote, ni laini ajabu kwenye karatasi, na ukibonyeza tu ndipo inaanza, shuku umbo la ncha. Ncha ya nibu hung'arishwa kiwandani. Iking'arishwa kupita kiasi, kingo za ndani za mwanya huviringika, wino ukabaki juu, hauigusi karatasi. Mafundi huiita kasoro hii makalio ya mtoto, na ukiitazama kwa lenzi ya kukuzia hutauliza kwa nini. Dawa yake ni kusagwa kidogo na anayejua, au kuirudisha ulikoinunua. Kalamu mpya ina haki ya kurudishwa.

Nibu inakwaruza. Niisugue kwa msasa?

Hapana. Nitakueleza nilivyojifunza. Nibu yangu ya kwanza ilikwaruza, nikachukua msasa mwembamba nikaisugua kwa kuchora nane, nane, nane, kama nilivyomwona mtu akifanya. Ikawa laini. Nikaona raha, nikaendelea. Baada ya muda mfupi ile ncha ya metali ngumu ilikuwa imekwisha upande mmoja, na mstari uliokuwa mwembamba ukawa kama wa fimbo. Baadaye nikaitazama kwa lenzi nikaelewa: tatizo la mwanzo lilikuwa meno mawili ya nibu hayajalingana tu.

Kwa hiyo anza na lenzi ya kukuzia mara kumi. Elekeza nibu kwenye jicho lako, ncha mbele, dhidi ya mwanga. Meno mawili yanapaswa kukaa usawa kama miguu ya mtu aliyesimama. Moja likiwa juu kuliko jingine, lisukume kwa ukucha kuelekea chini, taratibu, sekunde chache, uliachie, utazame tena. Hutaona likisogea wakati unalisukuma. Badiliko la unywele mmoja linatosha. Njia ya kulijua lililokosea bila lenzi: chora mistari kuelekea kushoto, kulia, juu na chini. Ikikwaruza upande mmoja tu, meno hayajalingana. Ikikwaruza pande zote, huenda ni karatasi, au wino mkavu mno (yaani unaotoka kwa uchache), au kweli ncha ina ukali.

Wino unatoka mwingi mno, na kifuniko kimejaa wino.

Angalia kwanza kama umeitikisa. Kalamu inayorushwa ndani ya mkoba nibu ikiwa chini hutema wino kwenye kifuniko. Kifute kwa tishu iliyoviringwa. Pili, angalia kama nibu na kilishio vimekaa sawa: pasiwe na nafasi kati yake unayoiona ukiitazama kalamu kwa ubavu. Tatu, ufa. Katriji au konveta isiyokaza huingiza hewa bila kibali, na hewa ikiingia, wino unatoka.

Kalamu zinazojazwa wino moja kwa moja mwilini, bila katriji wala konveta, zina tabia yake. Wino ukibaki chini ya theluthi, hewa iliyojaa ndani hupashwa joto na mkono wako, inatanuka, inausukuma wino nje kwa tone kubwa katikati ya sentensi. Ijaze kabla haijafika huko, na nyuzi za parafujo zipake grisi safi ya silikoni.

Wino kidogo juu ya uso wa nibu si ugonjwa. Baadhi ya wino hupanda tu.

Nitasafiri nayo kwa ndege. Itavuja?

Ndege ikipanda, mgandamizo wa hewa ndani yake hupungua, na hewa iliyomo kwenye kalamu hutanuka. Penye hewa nyingi ndipo penye hatari. Kwa hiyo iwe imejaa kabisa au tupu kabisa, na wakati wa kupaa ikae nibu juu, mfukoni mwa shati au kwenye mkoba uliosimama. Ikishatulia angani unaweza kuandika. Wakati wa kushuka hewa hujikunja, haina shida. Mimi huitia pia ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu nina mashati machache meupe.

Naweza kutumia wino wowote?

Wowote ulioandikwa kuwa ni wa kalamu za aina hii. Wino mweusi wa wachoraji wenye gundi ya sheleki au akriliki ni marufuku. Ukikauka ndani hauyeyuki tena kwa maji, na kilishio kimekwisha.

Wino wa kawaida ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji. Ndio mpole kuliko wote, huosheka, lakini mwingi wake hukimbia ukimwagiwa maji na kufifia juani. Wino wa chembe hauyeyuki, una punje ndogo sana zinazoelea, kama Carbon Ink ya Platinum. Unadumu vizuri kwenye karatasi, lakini usiuache ukaukie ndani ya kalamu. Wino wenye vumbi linalometameta ni wa starehe: utikise chupa kabla, uutie kwenye kalamu yenye nibu pana iliyo rahisi kufungua, na usilalamike.

Halafu kuna wino wa zamani wa chumvi ya chuma na tanini, ambayo kwa karne nyingi ilipatikana kwenye vinundu vya mti wa mwaloni. Wenyewe huteremka umefifia, kisha chuma kikikutana na hewa unakolea mpaka kukaribia weusi, ukishika nyuzi za karatasi. Watengenezaji huuongezea bluu ili uone unachoandika. Una tindikali. Matoleo ya sasa yametulia kuliko yale ya kale, ila nibu ya chuma ukiiacha nao miezi inaweza kuliwa na kutu. Ninaupenda kwa maandishi ninayotaka yabaki, na kalamu yake naiosha kila mwezi bila kusahau.

Je, naweza kuchanganya wino mbili?

Zikiwa za mtengenezaji mmoja zilizotengenezwa kuchanganywa, ndiyo. Vinginevyo, moja inaweza kuwa na tindikali na nyingine alikali, zikikutana zinagandisha mashapo ndani ya kilishio. Changanya kidogo kwenye kichupa cha kioo, uiache siku mbili, uitazame kwenye mwanga. Kuna vitu chini? Mwaga.

Nimeona utando juu ya wino kwenye chupa.

Ni ukungu. Chupa nzima itupe, usichuje. Kalamu iliyonyweshwa humo ioshe sana, na usiichovye kwenye chupa nyingine kabla hujaiosha.

Katriji niliyonunua haiingii.

Hakuna kipimo kimoja. Pelikan, Kaweco na wengine wengi hutumia ile ya kimataifa, fupi au ndefu. Parker na Lamy wana zao. Pilot, Sailor na Platinum, zote za Japani, kila moja ina yake. Usiilazimishe, utapasua mdomo. Katriji tupu ya kalamu yako unaweza kuijaza tena kwa bomba la sindano lenye sindano butu.

Nibu ya dhahabu ina faida gani?

Haipati kutu, na wakati mwingine inanesa kidogo. Basi. Karati 14 ni dhahabu asilimia 58.5, karati 18 ni asilimia 75, lakini hakuna hata moja inayoigusa karatasi. Kinachogusa ni kitone cha metali ngumu kilichounganishwa kwenye ncha, mchanganyiko wa metali kama osmiamu, rutheniamu au tangsteni. Watu bado hukiita iridiamu kwa mazoea, ingawa kingi cha siku hizi hakina iridiamu kabisa. Nibu nzuri ya chuma huishinda nibu mbaya ya dhahabu kila siku. Fikiria zaidi upana: kwa kawaida nibu za Japani ni nyembamba kuliko za Ulaya zenye herufi ile ile, hivyo F (alama ya nibu nyembamba) ya huku si F ya kule.

Wino unatambaa kama mizizi na kutokea upande wa pili wa karatasi.

Karatasi inanyonya kupita kiasi. Unene si hoja. Karatasi ya Tomoe River yenye gramu 52 tu kwa mita ya mraba huushika wino vizuri kuliko nyingi za gramu 80, kwa sababu ya jinsi uso wake ulivyotiwa dawa. Ukiwa huna uchaguzi wa karatasi, tumia nibu nyembamba na wino mkavu kidogo.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Niache?

Usiache. Ukiandika mkono ukiwa chini ya mstari, huna tatizo lolote. Mkono ukiwa ubavuni au juu ya mstari, utaufuta wino mbichi: chagua nibu nyembamba, wino unaokauka upesi, karatasi isiyong'aa sana. Nibu butu yenye kona utaisukuma badala ya kuivuta, kwa hiyo iepuke mwanzoni.

Nikimwazima mtu kalamu, itaharibika?

Nibu haitaizoea mikono yake kwa sahihi moja. Kitone kile kigumu huchukua miaka kusagika. Hatari ni kwamba ataibonyeza kama peni ya gololi. Mpe kalamu, baki na kifuniko mkononi: atabonyeza kidogo, atakumbuka kukurudishia.

Doa la wino kwenye nguo?

Likiwa bichi, maji baridi mengi kutokea nyuma ya kitambaa, usisugue. Bluu ya kawaida ya shule hutoka. Ndiyo hiyo hiyo inayofutika kwa kalamu ya kufutia, ambayo haiondoi wino bali huubadilisha ukose rangi. Wino wa chuma na wa chembe, jiandae kuaga nguo.

Imeanguka, nibu imepinda.

Ikiwa meno yamepishana kidogo, fanya kama nilivyoeleza kwenye kukwaruza. Ikiwa imejikunja kama ndoana, usiivute kwa koleo. Kalamu nyingi za kawaida huuzwa nibu zake peke yake; nibu mpya ni nafuu kuliko majuto. Ya dhahabu mpelekee fundi.

Nimerithi kalamu ya zamani. Nianzie wapi?

Usianze kwa kuzungusha wala kuvuta chochote. Kalamu nyingi za kabla ya katriji zina kifuko cha mpira ndani na wenzo ubavuni wa kukikandamiza. Mpira huo baada ya miongo hugeuka kuwa mgumu na kuvunjika vipande. Ukiunyanyua wenzo kwa nguvu, unaweza kuvunja wenzo na ubavu wa kalamu pamoja. Zile za pistoni, ambazo Pelikan ilianza kuziuza mwaka 1929, huganda kwa wino mkavu, na kuilazimisha pistoni hukata fimbo yake.

Mwili wa mpira mgumu mweusi usiuloweke: maji, hasa ya joto, huufanya uwe na rangi ya kahawia. Loweka nibu peke yake, ikitumbukia mpaka mwisho wa chuma chake, kwenye maji baridi ya kina kifupi. Badilisha maji kila yakipata rangi. Kuna kalamu niliyoipata imekauka tangu kabla sijazaliwa, na ilitoa bluu kwa siku nne mfululizo.